Aya Uliyoiruka

Somoe mwanangu,

Leo nimefunga duka mapema, jua bado liko juu. Nimewarudisha wateja wawili, mmoja alitaka misumari ya inchi nne, mwingine alitaka kukopa. Nimekalia ndoo ya rangi na karatasi nimeilaza juu ya mfuko wa saruji, ndiyo maana mwandiko unapanda na kushuka. Kutoka hapa mpaka ulipokaa wewe na masanduku yako ni mwendo wa dakika sita, nimewahi kuupima. Ningeweza kuja nikakwambia kwa mdomo. Nimejaribu mara tatu wiki hii, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umeshakula.

Mama yako ameshakwambia habari za blanketi, baridi ya Dodoma, na vyakula vya njiani. Sina la kuongeza hapo. Wenzako wanne wa kikundi watarudi baada ya siku nane, wewe unabaki huko mwaka mzima kufanya kazi ya kujitolea. Ulipolitaja neno hilo mara ya kwanza nilikuuliza, "Posho shilingi ngapi?" Ukasema hakuna. Nikasema, "Basi hiyo si kazi, hayo ni mazoezi." Ulicheka. Siku zile ulikuwa bado unacheka na mimi.

Nianze na kinyongo changu, kwa sababu nisipokitoa kitaniharibia maneno mengine. Nilikukasirikia sana. Mimi ni mtu niliyetoka kijijini Ziwani na suruali moja. Nimebeba mizigo bandarini mpaka bega la kulia likawa chini kuliko la kushoto. Nilianza kuuza saruji kwa kupima, mfuko mmoja naugawa ndoo kwa ndoo kwa mafundi wasio na hela ya mfuko mzima, faida ya mia mbili mia mbili. Ndugu zangu hawakunipa hata senti. Nikakusomesha wewe mpaka kidato cha sita wakati watu wanasema mtoto huyu wa kumsomesha kwa faida gani. Halafu siku nakuletea milioni tatu na laki moja na arobaini elfu, fedha taslimu, unanitazama kama nimeiba.

Ndivyo nilivyokuwa nasema moyoni. Nilikuwa nasema kwa sauti pia, mama yako ni shahidi.

Sasa nitaieleza siku ile kama ilivyokuwa. Wewe unaijua. Lakini hujawahi kunisikia mimi nikiisema, na mtu akikosa lazima aseme mwenyewe, asingoje wengine wamsaidie.

Ulinijia msimu wa korosho, wakulima ndiyo wameanza kulipwa. Ukaniambia kikundi chenu kimepata nafasi ya kukaa na wabunge. Sheria ya watu wenye ulemavu ipo kwenye karatasi, ukasema, mnataka itengewe fedha na wakaguzi wa kupita majengo yote, ya serikali na ya watu binafsi. Watu watano, kila mmoja laki tano, jumla milioni mbili na nusu. Ulikuwa umepiga hesabu vizuri, mpaka bajaji za kubebea viti vya magurudumu ulikuwa umeziweka. Ukaomba uwanja wa nyumba yetu, watu thelathini, soda, wewe usome hotuba yako ya kurasa mbili, kisha uombe mchango.

Nikakwambia, "Mwanangu, watu hawachangii karatasi. Niachie mimi."

Ukasema, "Nakuachia, Baba. Sharti moja tu. Nisome."

"Utasoma."

Ukaniamini, kwa sababu katika mambo ya fedha sijawahi kukuangusha.

Mimi nikafikiri hivi. Msimu wa korosho watu wa kwetu hela yao inakwenda kwenye ngoma. Wali, mabinti waliochezwa unyago, wanatolewa, wanabebwa mabegani, kanga mpya, ngoma inalia, watu wanatunza. Mtu aliyekunyima elfu mbili ya dawa mwezi wa nne, mwezi wa kumi na moja anamtunza mwali elfu kumi mbele ya watu na kuomba abadilishiwe noti nyingine. Nikasema, hapo ndipo pa kutegea ndoo.

Kulikuwa na jambo la pili, na hili sikumwambia mtu. Wewe hukutolewa. Wenzako wa rika moja walipochezwa, nilimwita kungwi nikamwambia akufundishe ndani, kimya kimya, pasiwe na ngoma. Nilimwambia mama yako ni kwa ajili yako, usije ukachoka. Haikuwa hivyo. Nilipiga picha akilini ya wewe kubebwa huku miguu inaning'inia na watu wananyamaza, nikaona aibu kabla haijatokea. Miaka miwili baadaye mdogo wako Mwajuma alitolewa kwa ngoma na spika mbili, na nani aliyekaa kwenye jamvi kuandika daftari la waliotunza? Wewe. Kwa kuwa mwandiko wako ni mzuri. Nilikupa kazi hiyo mwenyewe, nikajisifu kwamba nimekushirikisha.

Kwa hiyo safari hii nikasema nitalipa deni langu na fedha zitapatikana, mambo mawili kwa gharama ya moja. Ndivyo nilivyozoea kufanya. Wewe una miaka ishirini na sita, mtu mzima, na mimi nikaamua kukutoa kama binti wa miaka kumi na minne.

Mama yako na shangazi zako walikuwa ndani wakikuvisha, wamekukalisha kitandani. Mimi nikaingia nikasema naomba kiti nikifute vumbi. Nikakisukuma mpaka stoo, nikakifungia, nikatia ufunguo mfukoni. Nilijua ninachofanya. Ukikaa kwenye kiti chako, na kitambaa chako kichwani, na kurasa zako mkononi, unaonekana mtu mwenye kazi. Mtu mwenye kazi hatunzwi. Nilitaka watu waone miguu.

Shaibu, mtoto wa kaka yangu, akakubeba. Yeye usimlaumu, nilimwambia wewe mwenyewe umetaka. Mlipotokea mlangoni ngoma ikapanda, wanawake wakapiga vigelegele, na yule mshereheshaji niliyemlipa elfu thelathini akaanza: "Mtunzeni asiyejiweza wetu! Mwenye chozi atoe na noti!" Maneno hayo sikumfundisha mimi. Lakini nilimwambia awalize watu, na yeye ni fundi wa kazi yake.

Ukainama kutoka begani kwa Shaibu, ukanitafuta kwa macho, ukasema, "Baba, kiti changu kiko wapi?"

Nikafanya kama ngoma imenizidi masikio. Ukasema tena.

Nilisikia, Somoe. Mara zote mbili nilisikia.

Hotuba nilikuwa nimeiweka mwisho wa ratiba, baada ya chakula. Baada ya chakula watu walianza kuaga. Shaibu alikuwa amekuweka kwenye jamvi katikati ya uwanja, noti zimekuzunguka, nyingine zimechomekwa kwenye kilemba, kurasa zako mbili umezikalia ili zisipeperuke. Mimi nikapiga magoti nikaanza kuhesabu. Nikahesabu, nikarudia, nikalinganisha na daftari aliloandika Mwajuma, watu themanini na sita. Ufunguo uko mfukoni mwangu. Ulikaa pale mpaka nilipomaliza. Saa nzima. Hukuomba tena kiti, na mimi nikadhani umeridhika.

Asubuhi yake akaja Mwalimu Titus, mwenyekiti wenu, na fimbo yake nyeupe, ameongozana na mtoto wake. Unajua sikumpenda tangu mwanzo. Mtu wa kuja, mwalimu wa shule ya msingi, haoni, na anazungumza na mimi kama mimi ndiye mwanafunzi. Akakataa chai. Akasema, "Mzee Bakari, hongera. Naomba kuuliza, hawa watu wamechangia nini?"

"Wamechangia safari yenu."

"Nani aliwaambia habari ya safari?"

Nikamsogezea tena kikombe cha chai.

"Mimi sioni, lakini masikio yangu hayana ugonjwa. Nyuma yangu walikuwepo akina mama wawili wanabishana kama Somoe anapelekwa Dar au India kutibiwa miguu."

Nikamwambia, "Mwalimu, fedha haina masikio. Imeshaingia."

Akageuza uso upande wako. Ulikuwa umekaa kwenye kiti chako, nilikuwa nimekifungulia usiku. Ukasema neno moja, "Zirudishe."

"Zote?"

"Zote, Baba. Nenda kwa kila aliyeandikwa, mwambie hakuna matibabu. Halafu msomee hii." Ukanipa zile kurasa, zimekunjika kwa kukaliwa. "Akitaka kutoa tena baada ya kusikia, apokelewe. Asiyetaka apewe hela yake na umshukuru."

Nikasema basi twende wote, nakodi bajaji.

Ukasema, "Mimi siendi. Nimeshabebwa vya kutosha."

Siku kumi na mbili zilikuwa zimebaki. Nilizunguka tisa. Duka nilimwachia Shaibu, na amenipotezea mteja mmoja wa nondo ambaye simsamehe mpaka leo. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikuzisoma zile karatasi kabla ya kuondoka. Unajua mimi na herufi, namba naziona kama watu ninaowafahamu, maneno marefu lazima niyasogelee moja moja. Nikasema nitasoma hukohuko.

Nikaanzia Ziwani kwa shangazi yako Fatu, nikijua dada yangu atanionea huruma. Nimemkuta anamenya mihogo. Nikamweleza. Akaniambia, "Kwa hiyo mtoto hatibiwi?"

"Hatibiwi. Haumwi."

"Mimi nimelia pale mpaka nimepoteza hereni, na mtoto haumwi? Wewe Bakari wewe! Haya soma, nisikie nililolilia."

Nikasoma. Nasoma taratibu, yeye anamenya. Ukurasa wa kwanza ukaisha. Wa pili, katikati, nikafika hapa, na sasa naweza kuuandika bila kutazama:

"Katika mji wetu kuna duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka anauza saruji, nondo na kokoto. Mbele ya duka lake kuna ngazi tatu. Mtu anayemfungia hesabu za duka hilo anatumia kiti cha magurudumu. Amefunga hesabu hizo miaka saba na hajawahi kuingia ndani. Daftari hupelekwa nyumbani kwake. Mwenye duka si mtu mbaya. Anajua bei ya mfuko wa saruji kuliko mtu yeyote mjini. Sheria ipo, lakini hakuna mtu aliyewahi kumgongea mlango akamwuliza."

Nilikatika baada ya "ngazi tatu."

Dada Fatu akainua kichwa. "Soma basi, mbona umenyamaza?"

"Macho yananiuma."

"Macho hayaumi kwa ghafla. Ngazi tatu halafu?"

Nikamalizia. Kisu kikasimama kwenye muhogo. Akasema, "Huyu mwenye duka namfahamu?"

Nikasema, "Unamfahamu."

"Ana bega moja chini?"

Hakucheka. Ningefurahi angecheka. Akasema hela yake niiache, elfu ishirini, na nikifika kwa jirani yake nisome kwa sauti, nisimung'unye kama mtu anayekula uji wa moto.

Watu themanini na sita walikuwa kwenye daftari. Niliwapata sabini na mmoja. Wengine niliwakuta pamoja, kwa hiyo nimeisoma hotuba yako mara hamsini na nne. Mara hamsini na nne nimetamka kwamba mwenye duka si mtu mbaya. Ningependa ungeandika kwamba ni mtu mbaya. Lingekuwa jepesi kusoma.

Ishirini na watatu walichukua hela zao. Mmoja alichukua elfu tano yake, akaihesabu mbele yangu kama vile elfu tano inahitaji kuhesabiwa, akasema, "Nilijua tu, mtu wa duka hafanyi ngoma bure." Nikamshukuru, kama ulivyoagiza. Shangani nilikwenda kwa yule mama mfanyakazi wa serikali, anayesali kanisa moja na Mwalimu Titus, aliyetunza elfu hamsini. Alinisikiliza amesimama mlangoni. Nilipomaliza akasema, "Kule kwenye ngoma nilitoa ili niondoke haraka, nilikuwa siwezi kutazama. Sasa ndiyo natoa." Kisha akauliza, "Na huyo mwenye duka mlimpelekea barua?"

Nikasema, "Ameshaipata."

Kumi na watano ambao sikuwapata, fedha zao laki tatu na arobaini ziko kwenye bahasha, imeandikwa majina, iko kwa mama yako, si kwangu. Zilizobaki ni milioni moja na laki tisa na themanini na tano elfu. Kwa watu watano zimepungua laki tano na kumi na tano.

Juzi nikaja kwako na tofauti hiyo mkononi. Nilijua utakataa, nikawa nimejiandaa kugombana. Ukasema, "Baba, wewe hujaisikia hotuba."

"Nimeisoma mara hamsini na nne!"

"Umeisoma. Hujaisikia. Wengine wote wametoa baada ya kusikia."

Nikakaa kwenye jamvi. Wewe kwenye kiti, mimi chini, kwa hiyo nilikuwa nakutazama kwa kuinua shingo, na sikumbuki kama niliwahi kukutazama hivyo. Ukasoma. Sikujua kama una sauti ile. Mimi nilikuwa naisoma kama mtu anayepanda mlima na mfuko mgongoni. Ukurasa wa kwanza ukaisha, ukafungua wa pili, ukasoma habari za vitanda vya kujifungulia vilivyo juu mno, ukasoma habari za mtoto kiziwi aliyekaa darasani miaka mitatu bila mtu wa kumwonyesha ishara. Nikajua kinachofuata.

Ukakiruka.

Ukaenda moja kwa moja kwenye shukrani. Nilitazama karatasi kutoka chini, jua linapita, nikaona aya nzima imechorwa mistari ya kalamu. Mistari minyoofu, umetumia rula.

Nikatoa hela, nikaandika jina kwenye daftari baada ya wale arobaini na wanane waliobaki. Wa arobaini na tisa, Bakari wa dukani. Sikuandika baba yake. Ukasema asante kwa sauti ileile uliyowapa wengine wote, na nikatoka.

Somoe, katika yote uliyonifanyia mwezi huu, hilo ndilo lililonipiga. Kurudishiwa fedha na kusimamishwa kwenye milango ya watu, hayo niliyaweza, ni kazi ya miguu na mimi miguu ninayo. Lakini ulinionea huruma. Ulinikalisha kwenye jamvi, ukaona mtu mzima amejikunyata, ukasema moyoni huyu hajiwezi, tumfiche. Nilichokufanyia miaka yote ya ngoma na ya dukani, wewe umenifanyia dakika moja, tena kwa mapenzi. Nikajua sasa ladha yake.

Kuna kitu kingine cha kukiri. Jana asubuhi nilichukua mchanga na mifuko mitatu ya saruji, nikamwita fundi, nikasema ajenge mserereko mbele ya duka kabla ya magharibi. Mama yako akapita kuniletea chai. Akasimama akatazama.

"Leo kuna nini?"

"Natengeneza njia ya kiti."

"Miaka kumi na tisa duka liko hapa, leo ndiyo umeona ngazi?"

"Si bora leo kuliko kesho?"

Akasema, "Baba Somoe, unajenga ili apite, au unajenga ili ile aya iwe ya uongo?"

Nilimjibu vibaya. Halafu nikakaa chini nikajiuliza, na jibu halikunifurahisha. Nilitaka ukifika Dodoma, hata kama aya ingerudi, isiwe kweli tena, niweze kusema mbona njia ipo. Nikamlipa fundi nusu siku, akaenda zake.

Na hesabu pia nilikuwa nimeikosea, mimi niliyekuwa najisifu. Ngazi tatu ni sentimita hamsini na nne. Wewe ulishaniambia zamani, kila sentimita moja ya kupanda inataka kumi na mbili za kwenda. Hiyo ni mita sita na nusu karibu. Mbele ya duka mpaka mtaro ni mita nne. Nilikuwa nimemwambia fundi aibane kwenye nne. Ungepanda kwa kusukumwa na Shaibu, ukashuka kwa kumwomba Mungu. Ningekuwa nimejenga njia ya kiti ambayo kiti hakipiti, nikaipaka rangi, nikawaonyesha watu.

Sikupi mawaidha, maana sina ya kukupa. Wewe unakwenda kuwaomba watu wenye vyeo wafanye jambo ambalo baba yako, mwenye saruji yake mwenyewe, hakulifanya. Nadhani utakutana na wengi kama mimi huko. Watakuuliza habari za miguu yako kwa upole mwingi. Watakutunza. Watakupa soda na picha ya pamoja na kukusahau. Mimi ninawajua watu hao kwa ndani, nimekuwa mmoja wao na risiti ninazo. Ninachoweza kukwambia ni kimoja: kilichonifikia mimi si machozi ya kwenye ngoma. Machozi yale niliyatengeneza mwenyewe, najua bei yake. Kilichonifikia ni mistari ile, kwa sababu ilikuwa na hesabu ndani yake na hesabu ilikuwa sahihi. Ngazi tatu. Miaka saba. Sikupata pa kukanusha.

Kwa hiyo ndani ya bahasha hii utakuta ukurasa wa pili wa hotuba yako. Nimeunakili upya kwa mkono wangu, nimeanza asubuhi, nimeharibu karatasi nne. Aya imo. Nimebadilisha mahali pawili tu, na ukiona sivyo unaweza kukata. Ulipoandika "mwenye duka," nimeandika "baba yangu." Ulipoandika "mtu anayemfungia hesabu," nimeandika "mimi." Miaka yote wateja wakiniuliza nani ananiandikia vitabu visafi hivi, nilikuwa najibu, nina karani. Naomba jambo hilo lisahihishwe mbele ya watu wengi, maana lilisemwa mbele ya watu wengi. Nimehesabu mistari, ni kumi. Ukiruka hata mmoja nitajua, Mwalimu Titus ameniahidi atanisimulia, na yule mtu husikia kila kitu.

Basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, na njia ya kwenda stendi inapita hapa dukani. Nitamwomba dereva wa bajaji asimame dakika tano. Mchanga umebaki palepale, mifuko mitatu nimeifunika turubai. Nimeweka kamba, futi ya kupimia na chaki kwenye ngazi ya chini, unapoweza kufika. Mama yako anasema wewe ulishapata jawabu la zile mita nne, kwamba njia ifuate ukuta kisha ikate kona, mimi tu sikuwahi kuuliza.

Niwekee alama inapoanzia. Nitasimama pembeni, sitasema kitu, na kiti chako sitakishika mpaka uniambie.

Baba yako,
Bakari